Kutoka Kwenye Sufu Hadi Kwenye Nyasi: Kisa cha Mashine ya Edwin Budding, Stroud, 1830

Anayetengeneza mashine ya silinda ya kukata nyasi haridhiki kwa kuangalia tu, mpaka apate gazeti. Ukishamaliza kunoa, unakata ukanda wa gazeti, unauingiza kati ya visu vinavyozunguka na bapa la chini lililotulia, kisha unaizungusha silinda kwa mkono, taratibu. Karatasi ikikatika safi kama iliyopitiwa na mkasi, umeiweka sawa. Ikikunjika au ikichanika, unarudi kwenye skrubu za pembeni na kukaza kidogo, robo mzunguko au pungufu. Unajaribu kushoto, katikati na kulia, maana silinda inaweza kukata vizuri upande mmoja na kutafuna upande wa pili.

Nimeifanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa kabla ya kujua kwamba mashine iliyo mbele yangu ilianza maisha yake kiwandani, ikikata manyoya ya kitambaa cha sufu. Chuoni tulifundishwa injini, mkanda, kabureta. Hakuna aliyetueleza kwa nini visu vimepindishwa kama ngazi ya mzunguko, wala kwa nini vinahitaji bapa la chini la kukatia. Nilipokipata kisa cha Edwin Beard Budding, kila kipande kiliingia mahali pake. Nakiandika hapa kwa urefu kwa sababu naamini mafundi wetu wanastahili kukijua, na kwa sababu kinasimuliwa kwa haraka mno: mtu aliona mashine, akapata wazo, basi. Kisa chenyewe kina mengi zaidi ya hapo.

Tuanze na nguo

Stroud ni mji mdogo katika mkoa wa Gloucestershire, magharibi mwa England, mahali mabonde matano yanapokutana. Vijito vya mabonde hayo viliendesha magurudumu ya maji, na magurudumu yakaendesha viwanda vya sufu. Kitambaa chekundu cha Stroud kilishonwa sare za wanajeshi wa Uingereza na kikajulikana mbali.

Kitambaa cha sufu kikitoka kwenye mtambo wa kufuma bado hakifai kuvaliwa. Kwanza kinapondwa ndani ya maji kwa nyundo nzito za mbao mpaka kinywee na nyuzi zishikane. Kisha uso wake unakwaruzwa kwa vichwa vikavu vya mmea wenye miiba midogo iliyopinda, ili manyoya yainuke. Yakiinuka yanakuwa marefu hapa, mafupi pale. Hapo ndipo inakuja kazi iliyoamua bei ya nguo: kuyakata yalingane, karibu kabisa na kitambaa, bila kukigusa kitambaa chenyewe. Ukizidisha kidogo umetoboa nguo ya watu.

Sasa rudia aya hiyo moyoni, uweke nyasi mahali pa manyoya na ardhi mahali pa kitambaa. Uvumbuzi wa Budding ndio huo.

Kwa vizazi vingi kazi hiyo ya kukata ilifanywa na watu wenye mikasi mikubwa ya chuma, mizito kiasi cha kilo 20 hivi, wakiikokota juu ya kitambaa kilichotandikwa mezani. Walikuwa mafundi wa kulipwa vizuri na wenye kujiheshimu. Mashine za kukata manyoya zilipoanza kuingia, wakata sufu wa Yorkshire walikuwa miongoni mwa wale waliozivunja kwa nyundo mwaka 1812, na Bunge la Uingereza likapitisha adhabu ya kifo kwa kosa la kuvunja mitambo. Mwaka 1815, John Lewis wa Brimscombe, kijiji cha jirani na Stroud, alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, ya mashine ya kukata manyoya kwa visu vya kuzunguka. Visu hivyo vilizungushiwa silinda kwa mshazari, na vilipogusana na bapa lililonyooka vilikata kama mkasi usiofika mwisho. Katika mabonde ya Stroud mashine za namna hiyo zikawa jambo la kawaida.

Budding alizaliwa mwaka 1796. Alianza kama seremala, kisha akahamia kwenye chuma, akawa fundi wa kutengeneza na kurekebisha mitambo ya viwanda vya nguo. Kwa hiyo silinda ya kukata manyoya hakuiona kwa mbali kama mgeni. Aliifungua, aliisafisha, aliikaza. Nadhani aliipima kama ninavyoipima ya kwangu, kwa kipande cha kitu chembamba na kidole kilichozoea. Hili nalisisitiza kwa sababu wazo lake husimuliwa kama radi. Mimi naliona kama tunda la mikono iliyokaa na kifaa kimoja muda mrefu mpaka ikajua kifaa hicho kinataka nini.

Na upande wa nyasi?

Matajiri wa England walipenda kuwa na uwanja wa nyasi fupi mbele ya nyumba. Kuutunza kulihitaji kondoo au watu. Kondoo walikula bila mpangilio na kuacha samadi. Watu walitumia mundu mrefu wa mpini wa mikono miwili, wakisogea kwa safu na kuuzungusha kwa kiuno.

Aliyewahi kupewa fyekeo shuleni anajua tabia ya nyasi. Asubuhi zikiwa na umande zinakaa sawa, zinakatika. Jua likipanda zinakauka na kulegea, unazipiga zinalala, ukiondoka zinainuka. Nyasi fupi ndiyo taabu kabisa, kwa sababu hazina uzito wa kusimama mbele ya chuma. Mundu wa Kiingereza ulikuwa na makali kuliko fyekeo letu, lakini sheria ilikuwa ileile: kisu kinachokuja peke yake kinategemea nyasi ijizuie yenyewe. Ndiyo maana wakata nyasi wa England walianza kazi alfajiri, na kila walikopita palibaki alama za nusu duara, na vipara mahali ambapo ncha ilizama ardhini.

Silinda ya nguo haitegemei nyasi ijizuie. Kisu kinachozunguka kinalisukuma jani dhidi ya bapa lililotulia, na jani linakatika kati ya vyuma viwili. Jani likiwa fupi, jembamba au kavu, hukatika vilevile. Kwa kweli mashine hii hufanya kazi vizuri zaidi nyasi zikiwa kavu, kwa hiyo saa za kazi ziligeuka pia. Mtu hakulazimika tena kuamka kuuwahi umande.

Mei hadi Agosti 1830

Wazo lilihitaji chuma, na chuma kilihitaji fedha. Tarehe 18 Mei 1830 Budding alitia saini mkataba na John Ferrabee, mwenye kiwanda cha kusubu chuma kilichoitwa Phoenix, pale Thrupp, nje kidogo ya Stroud. Kwa mkataba huo Ferrabee alilipa gharama za kuiendeleza mashine, akagharamia hataza, na yeye akapata haki ya kuitengeneza, kuiuza, na kuwapa wengine ruhusa ya kuitengeneza.

Msomaji wa leo anaweza kuona kwamba Budding aliuza kila kitu. Mimi nauona mkataba huu kuwa wa busara kwa hali yake. Hataza ya England wakati ule iligharimu zaidi ya pauni 100, ikipitia ofisi baada ya ofisi, kila ofisi na ada yake. Kwa fundi wa kiwanda hizo zilikuwa fedha za miaka. Bila Ferrabee mashine ingebaki mchoro, au ingetengenezwa moja tu kwa ajili ya bwana mmoja jirani. Tena Ferrabee alikuwa na kile ambacho Budding hakuwa nacho: kalibu za kusubu gia, wafanyakazi, na wateja waliomwamini.

Hataza ilitolewa tarehe 31 Agosti 1830, kwa jina la Budding, chini ya Mfalme William IV ambaye alikuwa ndiyo kwanza amekalia kiti kwa miezi miwili. Maneno yake yanastahili kusomwa polepole. Budding anadai „muunganiko mpya na matumizi mapya ya mitambo” kwa ajili ya kukata uso wa majani katika viwanja vya nyasi na bustani za starehe. Hasemi amebuni kisu kipya, wala silinda mpya. Anasema ameunganisha, na amepeleka mahali pengine. Nimeona wavumbuzi wengi wakijaza madai yao mbwembwe. Huyu alidai kile alichofanya, na sheria ikakikubali kuwa kinatosha.

Katika maelezo yaleyale anaahidi kwamba jicho halitaudhiwa tena na yale makovu ya mviringo na vipara vinavyoachwa hata na wakataji hodari wa mundu. Kisha anaongeza kwamba mabwana wa mashambani wanaweza kupata katika mashine yake mazoezi ya kufurahisha, yenye faida na ya afya. Hapo anamtazama mteja wake usoni. Anamwambia mwenye nyumba kwamba kazi iliyokuwa ya vibarua sasa anaweza kuifanya mwenyewe bila aibu.

Kuna masimulizi ya Stroud kwamba Budding aliijaribu mashine yake usiku ili majirani wasimwone. Wengi huyaeleza kwa kusema aliogopa kuchekwa. Mimi naona sababu mbili zenye uzito zaidi. Ya kwanza ni ya kisheria: kitu kilichokwisha kuonekana na kutumiwa hadharani hakiwezi kudaiwa kuwa kipya, kwa hiyo kabla ya tarehe 31 Agosti kila jicho la jirani lilikuwa hatari. Ya pili ni mwaka wenyewe. Usiku wa tarehe 28 Agosti 1830, siku tatu kabla ya tarehe ya hataza, vibarua wa mashamba huko Lower Hardres, Kent, walivunja mashine ya kupura nafaka. Ghasia zikaenea kusini mwa England, na kufikia Novemba zilikuwa zimeingia Gloucestershire yenyewe. Mashine iliyowanyima watu kazi ya majira ya baridi ilivunjwa. Katika hali kama hiyo, mtu mwenye kifaa kinachofanya kazi ya vibarua kadhaa alikuwa na haki ya kuwa mwangalifu.

Jambo hili linaniuma kidogo, sitaficha. Silinda ileile iliyowaondoa wakata sufu kwenye meza zao ndiyo iliyotoka nje kwenda kuwaondoa wakata nyasi. Kila mara ninapoisifu mashine hii nawakumbuka watu hao pia, kwa sababu nao walikuwa mafundi, na makali ya mundu mrefu yanahitaji miaka kuyajua.

Ndani ya mashine yenyewe

Mashine ya kwanza ilikuwa na upana wa inchi 19. Fremu ilikuwa ya chuma cha kufua, gia za chuma cha kusubu. Nyuma kulikuwa na rola kubwa inayogusa ardhi. Mtu anaposukuma, rola inazunguka, gia zinapokea mzunguko huo na kuupeleka kwenye silinda ya visu iliyo mbele. Rola ikizunguka mara moja, silinda inazunguka mara 16. Kati ya hizo mbili kulikuwa na rola nyingine ndogo inayoweza kupandishwa au kushushwa, na hiyo ndiyo iliyoamua nyasi zibaki na urefu gani. Majani yaliyokatwa yalirushwa mbele, ndani ya kisanduku.

Kwa macho ya fundi, ugumu ulikuwa kwenye rola. Kiwandani kitambaa kinaletwa kwenye visu, na nguvu inatoka kwenye gurudumu la maji lililofungwa mahali pake. Uwanjani ni kinyume: uso unaokatwa umelala tuli, mashine ndiyo inatembea, na nguvu yote inatoka kwenye miguu ya msukumaji. Budding alihitaji kifaa kimoja kifanye kazi tatu kwa pamoja, yaani kubeba uzito, kuzalisha mzunguko, na kulainisha ardhi ili visu visigonge vilima vidogo. Rola ilizifanya zote. Mtu aliyehamisha silinda peke yake bila kufikiria rola angepata kifaa kinachozama ardhini na kung'oa mizizi. Anayesema Budding „aliiga tu” mashine ya nguo hajawahi kuisukuma moja.

Ilikuwa nzito. Ilipojaribiwa ilionekana inahitaji mpini wa pili mbele ili mtu mwingine asaidie kuvuta. Kwa hiyo yule bwana wa mashambani aliyeahidiwa mazoezi ya afya, kwa kweli alihitaji kijana wa kumsaidia. Naona hili ni funzo kwa wanaoandika matangazo kuliko kwa mafundi, kwa maana kasoro yenyewe ilirekebishika na ilirekebishwa.

Miongoni mwa wanunuzi wa kwanza walikuwa bustani ya wanyama ya Regent's Park jijini London na vyuo vya Oxford. Msimamizi wa bustani hiyo, aliyeitwa Curtis, aliripoti kwamba mashine ilifanya kazi ya watu sita hadi wanane wenye miundu na mifagio, tena bila kuacha alama yoyote. Angalia neno mifagio. Mundu hukata tu, na nyuma yake lazima aje mtu wa kufagia na kukusanya. Kile kisanduku cha mbele kilichoonekana kama nyongeza ndogo kilifuta nusu ya kibarua.

Ferrabee hakuificha mashine ndani ya kiwanda chake. Mwaka 1832 kampuni ya Ransomes ya Ipswich, watengenezaji wa majembe ya kukokotwa, ilipata ruhusa ya kuitengeneza, na mashine za kukata nyasi zikawa kazi ya Ransomes kwa vizazi vilivyofuata. Hapa mkataba wa Mei 1830 ulizaa matunda. Kiwanda kimoja cha bonde la Stroud kisingeweza kuifikisha mashine kila kona ya England. Ipswich iko upande wa mashariki, Stroud upande wa magharibi, na kati yao kuna wateja wa kutosha kwa wote wawili.

Mpaka mwingine ulikuwa wa kisheria. Hataza ya England haikuvuka kwenda Scotland, ambako ilihitajika nyingine. Huko Arbroath, Alexander Shanks alisajili mwaka 1842 mashine yake ya upana wa inchi 27 iliyovutwa na farasi mdogo. Farasi wa kazi hiyo walivishwa viatu vya ngozi ili kwato zisitoboe nyasi. Mwaka 1859 Thomas Green wa Leeds akaondoa gia za chuma zilizopiga kelele na kuweka mnyororo, akaiita mashine yake Silens Messor, yaani mvunaji mkimya kwa Kilatini. Mwaka 1902 Ransomes wakauza mashine yenye injini ya petroli.

Kila mmoja wa hao alibadilisha kinachoizungusha silinda. Silinda na bapa lake hawakuvigusa.

Na viwanja? Kriketi, tenisi ya nyasi na mchezo wa kugonga mipira kwa nyundo za mbao vyote vilihitaji uso ulio sawa kuliko mundu ulivyoweza kutoa. Walter Wingfield alipopata hataza ya vifaa vya tenisi ya nyasi mwaka 1874, nyasi ya kuchezea ilikuwa tayari inapatikana kwa mtu wa kipato cha kati mwenye mashine na uwanja mdogo. Mashindano ya kwanza ya Wimbledon, mwaka 1877, yaliandaliwa ili kupata fedha za kutengeneza rola ya uwanja iliyokuwa ikivutwa na farasi. Na kuna uzi mmoja unaonigusa kila ninapoufikiria: viwanda vya Stroud, vilevile vilivyotoa silinda, viliendelea kutengeneza kitambaa cha meza za biliadi na cha kufunikia mipira ya tenisi. Mpira wenye manyoya yaliyokatwa na silinda ulidunda juu ya nyasi zilizokatwa na silinda.

Budding hakuyaona hayo. Muda wa hataza wakati ule ulikuwa miaka 14, na wake uliisha mwaka 1844. Mwenyewe alikuwa amehamia Dursley, mji wa jirani, akifanya kazi na George Lister kwenye mashine za kuchana sufu. Alifariki mwaka 1846 akiwa na umri wa miaka 50. Anahesabiwa pia miongoni mwa watu wa mwanzo kubuni spana ya kurekebishwa kwa skrubu, jamaa wa ile ambayo gereji zetu zinaiita spana malaya.

Wengine wakisoma hapa husema alidhulumiwa. Sikubaliani. Ferrabee aliweka fedha wakati hakuna aliyejua kama mtu yeyote angenunua, na jina kwenye hataza lilibaki la Budding. Kilichomkosesha ni muda. Soko la watu wenye nyumba za kawaida na kiwanja kidogo mbele lilikuja kukomaa katika miaka ya 1850 na 1860, baada ya hataza kuisha na yeye kuzikwa. Kama angepata miaka 20 zaidi, naamini angeipunguza uzito mwenyewe, maana hakuwa mtu wa kuacha kifaa kikae kilivyo.

Baadhi ya mashine zake bado zipo. Moja iko kwenye makumbusho ya Museum in the Park palepale Stroud, na Science Museum ya London nayo inayo. Nimezitazama kwenye picha kwa muda mrefu kuliko ilivyo kawaida: mpini, rola, gia zilizo wazi bila kifuniko, visu vilivyopinda kwa mshazari. Wiki iliyopita nilikuwa na mashine ya uwanja wa gofu mezani, ya kukatia nyasi za kuzunguka shimo, ambazo hubaki na urefu wa milimita tatu au nne. Ina injini, mnyororo na beringi zilizofungwa. Kijana ninayemfundisha aliniuliza ni wapi pa kuanzia. Nilimpa ukanda wa gazeti, nikamwonyesha mahali pa kuuingiza, kati ya kisu na bapa, na nikamwambia azungushe pole.